Kichwa cha Fiifi

Mzee Kwamena Essuman alisimama mlangoni pa saluni ya Joojo kwa muda mrefu kabla ya kuingia. Kwa miaka sita alikuwa akipita mbele ya mlango huo kila Jumapili akielekea kanisani, na kwa miaka sita alitoa kauli ile ile, kwa sauti ya makusudi isikike ndani: kwamba humo vijana wa Essikado wanalipa fedha zao ili watoke wakiwa kama kuku walionyonyolewa nusu. Joojo alikuwa ameisikia mara nyingi mno. Ndiyo maana Jumanne hiyo, alipomwona mzee mwenyewe amesimama pale na kofia mkononi, alizima mashine akamwacha mteja amenyolewa upande mmoja.

"Karibu, Mzee. Leo umekuja kutuombea au kutufukuza?"

Vijana watatu waliokaa kwenye benchi wakacheka. Mzee Essuman hakucheka. Alikuwa fundi mstaafu wa karakana ya reli, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyebeba chuma maisha yake yote, na hakuzoea kuomba.

"Nataka unifundishe kunyoa," alisema.

"Kunyoa nini? Ndevu?"

"Hiyo fedi, ya nywele kufifia pembeni. Hiyo anayonyoa Fiifi."

"Jamani, mzee ameokoka!" mmoja alipiga kelele, na benchi zima likapigapiga miguu sakafuni.

Joojo peke yake hakucheka. Fiifi alikuwa mwana wa pekee wa mzee huyo, na tangu apate kazi ya ukarani bandarini hakuwahi kukosa Jumamosi yake, kila baada ya wiki mbili, asubuhi, mtu wa kwanza kitini. Sasa ilikuwa wiki ya sita hajaonekana. Simu hapokei.

"Fiifi yuko wapi, Mzee? Kama nilimkosea, mwambie aje aniseme."

"Hujamkosea. Anaumwa. Figo, zote mbili."

Miguu ikatulia sakafuni. Hata yule mteja aliyenyolewa nusu aliinamisha macho chini ya shuka yake.

"Basi nitakuja kumnyoa nyumbani," Joojo alisema. "Leo hii. Sitaki malipo."

"Hataki."

"Hanitaki mimi?"

"Hataki mtu yeyote. Amevimba uso, Joojo. Tunaomwona ni mimi na mama yake tu." Mzee aliigeuza kofia yake mkononi, akaitazama ndani kama anasoma kilichoandikwa humo. "Na mama yake alishawahi kujaribu mashine, ikamtetemesha akaogopa. Kwa hiyo nimebaki mimi."

* * *

Hakueleza yote. Hakueleza yaliyotokea Jumapili iliyopita, alipokuwa amekaa barazani na dirisha la sebule liko wazi nyuma yake.

Ndani, Fiifi alikuwa amelala kwenye kochi, amejifunga kitambaa kichwani kwenye joto lile lote. Mama yake, Araba, alikuwa akimlisha kenkey, madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, isiyo na chumvi. Watu walitoka mpaka Takoradi mjini kuja kununua kenkey ya Araba, na sasa kila asubuhi alipika sufuria kubwa ya wateja na kasufuria kadogo ka mwanawe, kale kasiko na ladha.

"Kula, baba."

"Haishuki, Mama."

"Najua. Imeze hivyo hivyo."

Mara mbili kwa wiki walimpeleka kusafishwa damu kwa mashine, na mara mbili kwa wiki alirudi na rangi ya majivu, akiwa ameificha shingo kwa kola ya shati. Siku hiyo kitambaa kilimteleza, akajiona kwenye kioo cha kabati la vyombo. Nywele zilikuwa zimeshuka masikioni. Kisogoni zilikuwa zimejiviringa vifundo vifundo mpaka kwenye kola.

"Nimekuwa kama yule kichaa wa sokoni," alisema.

"Nilete mkasi nikupunguzie?"

Fiifi alicheka, kicheko kikavu kilichogeuka kikohozi. "Mkasi haunyoi fedi, Mama." Akageukia ukutani. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayeuliza saa: "Sasa nikifa hivi, watu watakaokuja kunitazama si watauliza huyu ni nani?"

Araba alitoka na bakuli, akampita mumewe pale barazani bila kumtazama. Alipofika jikoni bakuli lilianguka. Mzee Essuman alikaa pale mpaka jua likahama kutoka magotini mwake. Jumanne ndipo alipovaa kofia akaenda kwa Joojo.

* * *

"Watu wanadhani fedi ni kunyoa," Joojo alimwambia siku ya kwanza. "Kwanza ni kuchagua, Mzee. Kuna fedi ya chini, kuna ya kati, kuna ya juu. Unatazama kichwa kabla hujashika mashine. Mwenye kichwa kirefu ukimpandishia juu, unamfanya muhogo. Fiifi ana kisogo bapa, na kuna kinundu nyuma ya sikio la kulia. Unakijua?"

"Nakijua. Alizaliwa nacho."

"Basi yeye ni wa chini tu. Vidole viwili juu ya sikio, usivuke hapo. Ukivuka, kinundu kinatoka nje, na yeye hakipendi. Miaka sita mimi nakificha kinundu hicho."

Miaka sita mzee aliitazama fedi ya mwanawe akaona upuuzi. Hakujua kwamba palikuwa na kitu kinafichwa.

Joojo alimpangia mezani vitana vya plastiki vinavyovikwa mdomoni mwa mashine, kila kimoja na namba yake. Chini kabisa, shingoni, mashine tupu. Juu kidogo, nusu. Kisha moja, moja na nusu, mbili. Kazi yote ilikuwa kati ya namba na namba. "Pale zinapokutana panabaki mstari. Huo mstari ndio adui yako. Fedi ikiwa nzuri, mtu hawezi kukuonyesha kwa kidole kwamba nywele zimeanzia hapa. Ni kama moshi. Umewahi kupiga tupa chuma mpaka kiungo kisionekane?"

"Miaka thelathini na moja."

"Basi unajua kila kitu. Kilichobaki ni kwamba chuma hakilii."

Lakini hakujua kila kitu, na vichwa vya kujifunzia havikupatikana. Wateja walimwona amejifunga aproni wakasogea mbali. "Mimi nimekuja kwa Joojo, sikuja kwa babu yake," mmoja alisema, akaondoka kabisa. Vijana wa benchini walimpa jina la Mwanafunzi. "Mwanafunzi, leo umemharibu nani?" Na yeye, mtu aliyewahi kusimamia mafundi arobaini, alifagia nywele zao sakafuni akisubiri zamu yake.

Aliyemwokoa ni rafiki yake Ackon, dereva mstaafu wa treni, aliyekuja akakaa kitini bila kuitwa. "Nyoa," alisema. "Mke wangu hanitazami siku hizi, atanitazama leo."

Ackon alitoka pale na ngazi tatu nyuma ya kichwa, zilizopangika vizuri kama za kupandia ghorofani. Jumapili alikaa mstari wa mbele kanisani kama kawaida yake, na wanakwaya waliokuwa nyuma yake walishindwa kuimba ubeti wa pili. Jumatatu alirudi kitini. "Rekebisha," alisema. "Kisha niharibu tena."

Baada ya majuma mawili na vichwa kumi na moja, Joojo alikishika kichwa cha Ackon, akakigeuza kwenye mwanga, akakipitisha kidole kutoka shingoni kwenda juu. Akatoa mashine kutoka kwenye droo, akaizungushia waya wake, akaifunga kwenye taulo.

"Hii ndiyo ninayomnyolea Fiifi. Ichukue. Kila wiki, Mzee, si kila wiki mbili. Mgonjwa nywele zake hazisubiri. Na ukimaliza umpake spiriti, lakini inamuuma sana shingoni. Mimi huwa nampuliza."

* * *

"Wewe?" Fiifi alisema. "Baba, wewe?"

Walikuwa uani, kivulini pa ukuta, kwenye kiti cha jikoni. Araba alisimama mlangoni na mikono imefungwa kifuani. Mzee Essuman aliivisha shingo ya mwanawe shuka, akaona jinsi shuka inavyozunguka mara mbili. Uso ulikuwa umevimba, lakini chini ya uso mtu alikuwa amekwisha.

"Nimesoma," alisema.

"Umesoma wapi?"

"Kwa Joojo."

Fiifi aligeuka mzima mzima kumtazama. "Uliingia mle ndani? Kwa miguu yako? Walikucheka?"

"Sana."

Kijana akatulia. Mashine ikaanza kulia. Mzee alianza chini, shingoni, akipandisha mkono na kuutoa nje kama anayechota, jinsi alivyofundishwa, na nywele za wiki nane zilianguka mabegani mwa mwanawe. Akafika juu ya sikio la kulia. Hapo aliisimamisha mashine, akapima kwa vidole viwili.

"Usivuke hapo," Fiifi alisema haraka.

"Najua."

"Nani alikwambia?"

"Joojo. Na mimi nilikuwapo ulipozaliwa."

Ilimchukua saa nzima. Mkono ulimwuma, Fiifi alichoka akaegemeza kichwa tumboni mwa baba yake, na mara mbili ilibidi wasimame. Ilipofika spiriti, kijana alikunja uso na kushika magoti. Mzee akainama, akampuliza shingoni, mara moja, mara mbili, mpaka mabega yake yakalegea. Kisha Araba akaleta kioo.

Upande wa kushoto ulikuwa moshi. Upande wa kulia ulikuwa na mstari, mnene, unaoonekana toka ng'ambo ya barabara. Fiifi alijitazama kwa muda mrefu. Mdomo wake ukaanza kutetemeka, na mzee alifikiri analia.

"Baba," alisema, "huku ni binadamu, huku ni kuku."

Akacheka. Alicheka mpaka akakosa pumzi, mpaka Araba naye akashika mlango akicheka na machozi yakimtoka. Mzee Essuman alisimama na mashine mkononi, masikio yakiwaka moto.

"Nilikuita vile, kuku, mbele ya watu," alisema hatimaye. "Siku ile kanisani. Mbele ya wenzako."

"Ulisema." Fiifi alipangusa macho. "Nilirudi nyumbani nikanyoa zote kwa wembe. Nikawaambia kazini nina upele." Akainamisha kichwa tena. "Haya, rekebisha kulia."

* * *

Ikawa kila Ijumaa. Mzee aliinunulia mashine mafuta yake, akaitumia brashi ya meno kusafisha nywele zilizonasa. Asubuhi alizipiga brashi nywele za mwanawe kwa upande mmoja, kama Joojo alivyoelekeza, na kumfunga kitambaa chepesi zisichafuke kwenye mto. Kufikia Ijumaa ya nne hapakuwa na mstari popote. Araba alipitisha kiganja kutoka shingoni mpaka utosini, akasema, "Hata sijui zinaanzia wapi," na mumewe akaingia ndani haraka, akijifanya anatafuta kitu.

Pale kitini ndipo walipozungumza. Maisha yao yote walikuwa watu wa kupita karibu karibu, habari za asubuhi, umekula. Sasa mmoja alikuwa amefungwa shuka na mwingine hawezi kutoka, na maneno yalipata nafasi. Fiifi alimsimulia kuhusu msichana wa ofisini, Ekuwa, aliyekuwa akimpigia simu kila siku na yeye hapokei.

"Pokea."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie umenyolewa. Aje aone."

Ekuwa alikuja Jumapili moja, akakaa saa mbili, akala kenkey isiyo na chumvi pamoja naye na akasema ni tamu. Alipoondoka Fiifi alibaki amekaa wima mpaka magharibi, asikubali kulala.

Wiki ya saba miguu ilivimba ikagoma viatu. Daktari alisema alazwe Jumatatu, hospitali kubwa, mbali. Ijumaa hiyo Fiifi alikaa kitini akasema, "Leo nipandishie ya kati."

"Kinundu kitaonekana."

"Kionekane. Nimechoka kukificha. Nataka nikiingia mle wodini wajue huyu mtu ana kazi anayoirudia."

Mzee akapandisha, vidole vitatu, vinne. Kinundu kilitoka, kidogo, cha mviringo, kama punje ya hindi chini ya ngozi. Alipompaka spiriti alipuliza kuliko siku zote, na Fiifi akafumba macho kama mtoto anayetolewa vumbi machoni.

"Baba, umekuwa fundi," alisema.

Alikaa wodini siku tisa. Siku ya kumi, saa nne asubuhi, Araba akiwa ameshika mguu wake wa kushoto na Mzee Essuman ameenda kutafuta maji ya kunywa, Fiifi alikata roho.

* * *

Kikao cha ukoo kilifanyika uani, penye kivuli kile kile. Ukoo ulikuwa wa Araba. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama yake, akiwa hai na akiwa maiti, na baba ni mtu wa nje anayeheshimiwa. Mzee Essuman alilijua hilo tangu siku alipooa. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, nyuma ya wajomba.

Kow Arhin, kaka mkubwa wa Araba, ndiye aliyeongoza. Alikuwa mtu mpole, mwenye kupenda mambo yaende kwa utaratibu. Alipanga siku, akapanga wapiga tarumbeta, akapanga nguo nyekundu na nyeusi. Kisha akageukia pembeni.

"Shemeji, sehemu yako unaijua. Jeneza."

"Jeneza nitaleta," Mzee Essuman alisema. "Nina ombi moja. Kichwa chake nimnyoe mimi."

Wajomba wakatazamana. Mmoja akakohoa.

"Shemeji, kuna watu wa kazi hiyo kule chumba cha maiti."

"Hawajui anavyonyolewa."

"Hii mitindo ya vijana..." Kow Arhin alianza, akatafuta maneno yasiyoumiza. "Anakwenda kwa bibi na babu zake. Anapaswa kwenda ametulia."

"Kow," Araba alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu kikao kianze. "Mwache amnyoe."

Kow Arhin alimtazama dada yake, kisha akatikisa kichwa kukubali. Wote walimwona akikubali. Lakini mambo yalikuwa mengi, tarumbeta, viti, turubai, wageni wa kutoka Tarkwa. Na wiki tatu baadaye, Alhamisi, alipopitia chumba cha maiti kupeleka nguo, mhudumu alimuuliza kichwa kifanyweje, naye akajibu kama ambavyo angejibu kwa marehemu yeyote wa nyumba yao.

Ijumaa asubuhi Mzee Essuman alifika na mfuko wake. Ndani mlikuwa na mashine, vitana vyote, brashi, spiriti, poda na shuka safi aliyoipiga pasi mwenyewe. Mhudumu alikuwa mtu wa makamo, aliyevaa mabuti ya mpira. Aliusikiliza mfuko ukifunguliwa, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Mzee, amekwishanyolewa."

"Hapana. Ni mimi ninayemnyoa."

"Mjomba wake alipita jana. Alisema anyolewe zote. Ningejua ningekungoja, Mzee. Wallahi ningengoja."

Alimpeleka. Fiifi alikuwa amelazwa chali, ameoshwa, uvimbe umemtoka, uso umerudi kuwa wake. Kichwa kilikuwa kipara, cheupe kwa sabuni, kinundu kimebaki peke yake nyuma ya sikio. Mzee Essuman aliitoa mashine. Akaishika. Alitafuta pa kuanzia, shingoni, juu ya sikio, utosini, na hapakuwa na pa kuanzia. Akairudisha mfukoni.

Kisha akatoa spiriti. Akalowesha pamba, akaipitisha shingoni, polepole, kutoka sikio hadi sikio. Akainama. Akapuliza, mara moja, mara mbili, akangoja mabega yalegee.

Mhudumu alitoka nje akafunga mlango.

* * *

"Umemaliza?" Araba aliuliza alipomwona anaingia.

Angeweza kumdanganya mpaka kesho yake, lakini kesho yake ilikuwa karibu mno. "Walishamnyoa. Zote."

Araba alikaa chini pale pale alipokuwa, juu ya ndoo iliyofunikwa. "Kow?"

"Amesahau."

"Alikubali mbele yangu."

"Amesahau, Mama Fiifi. Si mtu mbaya."

"Sikusema ni mbaya," Araba alisema.

Jumamosi Fiifi alilazwa sebuleni ili watu wamuage. Walipita mmoja mmoja. Joojo alipita, akasimama, akatazama kichwa kisha akamtazama mzee. Ekuwa alipita akiwa ameshikwa mikono. Mtu mmoja kutoka bandarini, aliyewahi kukaa na Fiifi meza moja miaka minne, alimnong'oneza mwenzake, na Araba alisikia: "Nisingemtambua."

Saa sita jeneza lilifungwa. Araba alijifunga kanga yake ya pili kiunoni, akavaa viatu. Kow Arhin akamzuia taratibu mlangoni.

"Dada, unajua kwetu mzazi hamfuati mwanawe kaburini."

"Kow, nimebakiza nini?"

"Si mimi. Ni hivyo ilivyokuwa tangu mama yetu." Macho yake yalikuwa mekundu. "Bakini ndani. Wewe na shemeji. Sisi tutamfikisha."

Tarumbeta zikaanza. Watu wote wakatoka, pamoja na Ackon na Joojo, na wanawake wa jikoni. Ikabaki nyumba, viti vya kukodi vya plastiki, na wao wawili wamekaa uani wakisikiliza muziki ukishuka mtaa, ukikata kona ya karakana ya reli, ukififia. Upepo uliurudisha mara moja, kisha ukapotea kabisa.

Araba alifungua kilemba chake. Nywele zake zilikuwa nyingi bado, nyeusi juu, za kijivu pembeni, zimesukwa mistari minne.

"Ninyoe," alisema.

Mumewe alimtazama. "Kow atasema mzazi hanyoi kwa ajili ya mtoto."

"Kow amekwishasema mengi."

Alileta kiti cha jikoni. Akaleta mashine. Alizifumua zile nywele kwa vidole, mstari baada ya mstari. Miaka thelathini na minne ya ndoa, na hakuwahi kukigusa kichwa cha mkewe. Kwao mume hafanyi hivyo. Kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani. Kilitoshea viganjani.

"Nianze na namba ngapi?"

"Usiweke namba."

Akaanza. Araba alifumba macho. Nywele zilianguka mapajani mwake, naye alizikusanya kidogo kidogo kwenye upindo wa kanga. Alikuwa amefika nusu pale geti lilipofunguliwa, na Kow Arhin akaingia peke yake, ametangulia wenzake, viatu vyake vyeusi vimejaa udongo mwekundu. Aliona dada yake amekaa kitini, upande mmoja wa kichwa ni nywele, upande mwingine ngozi. Aliona mashine. Kofia yake ikamtoka mkononi, hakuiokota.

"Shemeji," alisema. "Kule chumba cha maiti. Jana usiku ndipo nilipokumbuka. Nilikaa kitandani nikakumbuka. Shemeji, mimi..."

Mzee Essuman alizima mashine. Hakuna aliyemsaidia kumaliza.

"Kaa, Kow," Araba alisema, macho bado yamefumbwa. "Kaa unisimulie. Mlipotoka hapa mlipita wapi?"

Kow Arhin akavuta kiti cha plastiki. Akaanza kusimulia. Alisimulia kona ya karakana, na kwamba watu wa bandarini walilibeba jeneza toka pale, wakikataa kupokewa. Alisimulia kwamba Joojo aliishika pembe ya mbele mpaka mwisho. Alisimulia wimbo ulioimbwa, nani aliuanzisha, nani alishindwa. Araba aliuliza kaburi liko karibu na la nani. Karibu na la mama, kaka yake alisema, hatua tano. Akauliza kama kulikuwa na maji ndani. Hapana, lilikuwa kavu. Akauliza kama jua lilikuwa kali. Lilikuwa kali, lakini kuna mti upande ule. Mzee Essuman aliiwasha mashine tena, akaendelea kunyoa taratibu, akiinyamazisha kila mkewe alipouliza, ili na yeye asikie.

"Halafu tukashusha kamba," Kow Arhin alisema. "Zikashuka sawa. Halafu mchungaji akachukua udongo—"

Araba aliinua mkono.

"Hapo basi," alisema. "Hapo patoshe."

Baada ya muda akamgusa mumewe kwenye mkono, kumwonyesha kwamba upande wa kushoto, nyuma ya sikio, amebakiza.